Namna ya kusoma riwaya ya upelelezi halafu uangalie muvi yake bila kujimalizia utamu

Nikiwa fomu two niliazima riwaya ya upelelezi maktaba ya shule, kitabu kimeshikwa na watu mpaka jalada limebaki nusu, nimefika ukurasa wa ishirini na kitu nakuta mtu kachora mshale kwa peni nyekundu kwenye jina la mhusika mmoja, pembeni kaandika HUYU NDO MUUAJI. Nilikasirika mpaka nikakifunga. Kesho yake nikashindwa kuvumilia nikaendelea hivo hivo, na kila yule jamaa akifungua mdomo namwona mwongo, akimkaribisha mtu chai naona kaweka sumu, akinyamaza ndo kabisa. Nimefika mwisho, siyo yeye! Aliyeandika alikuwa anadanganya.

Nilirudia kitabu kizima wiki ile ile, na hapo ndo nilipoipenda hii kitu moja kwa moja. Maana nilikuta majibu yote yalikuwepo tangu mwanzo, muuaji kapita mbele yangu mara kibao, kaongea, kasema kitu ambacho kama ningekuwa na akili zangu ningemshika, ila mi macho yangu yote yalikuwa kwa yule mwenye mshale. Na ndo kazi ya mwandishi wa hizi riwaya hiyo, yani hakufichi kitu, anakupa kila kitu peupe halafu anakuzuga uangalie kwingine. Ndo maana hizi hadithi hazichuji. Hadithi nyingine ukishajua mwisho basi imeisha, hii ukishajua mwisho ndo unaanza kuiona ilivyofumwa. Na muvi ni hivo hivo, ila yenyewe inakuzuga kwa njia zake.

Sasa jamani watu wengi wanajiharibia. Wanaanza na muvi huku wanachati, wanagugo majina ya waigizaji katikati, halafu wanakwambia mbona ya kawaida tu. Naomba nikuonyeshe ninavyofanya mimi, na nitatumia kitabu kimoja ili tuelewane vizuri, Murder on the Orient Express cha Agatha Christie, kilitoka 1934. Nimekichagua kwa sababu kina muvi ya 1974, kipo kwenye ile sizoni ya TV ya mpelelezi Poirot anayeigizwa na David Suchet, na kina muvi ya 2017, kwaiyo unapata kitabu kimoja na macho matatu. Sitakwambia nani kaua, usiogope.

Ila kama hujawahi kabisa kusoma upelelezi usianzie huko, anza na Bwana Msa, mpelelezi wa kwetu. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, ni ya nyumbani kabisa, Unguja, na mwandishi mwenyewe mzaliwa wa Makunduchi. Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum yuko pembeni anashangaa kama unavyoshangaa wewe. Sababu ya kukwambia uanzie hapo siyo uzalendo tu. Kidokezo mara nyingi kinakaa kwenye mambo ya kawaida, mtu anavyosalimia, anavyomwita mwenzie, nani ana haki ya kuingia chumba gani, nani anarithi nini, na ukiwa unasoma dunia unayoijua utanusa haraka kitu kikiwa siyo. Ukishazoea kunusa ndo uende kwa Waingereza na mabatla wao, wale watumishi wa majumba ya matajiri. Wakati unazoea pia, hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes zipo bure kihalali kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, zile fupi fupi unamaliza moja ndani ya daladala kukiwa na foleni.

Kama unanunua kitabu cha mtumba kwa wale wanaotandaza chini, kabla hujatoa hela fungua nyuma hesabu kurasa za mwisho zipo. Riwaya ya mapenzi ikikosa kurasa tatu utajua tu walioana, hii ikikosa tatu umekwisha.

Haya, tuingie kwenye treni. Kitabu chenyewe kina sehemu tatu, na zimepangwa kama mtu amekupangia daftari kabisa. Sehemu ya kwanza ni tukio, treni imetoka Istanbul, imekwama kwenye theluji huko Yugoslavia ya wakati ule, abiria mmoja kakutwa kauawa kwa visu chumbani kwake. Sehemu ya pili karibu kila abiria anapewa sura yake ya kuhojiwa, mmoja baada ya mwingine. Ya tatu Poirot, yule Mbelgiji mwenye masharubu, anakaa anafikiri. Kwaiyo wewe chukua daftari la kawaida tu, kila abiria mpe ukurasa wake, na andika vitu vitatu basi: alisema alikuwa wapi, alisema alimwona nani, na nani mwingine anaunga mkono maneno yake. Usiandike unavyomhisi! Hisia ndo mlango mwandishi anaoingilia. Ukiandika "huyu mama simpendi" tayari umeshachorewa mshale mwekundu.

Kuna mchoro wa behewa mle ndani, nani kalala chumba kipi. Wengi wanauruka. Unakili kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari lako, hata kama mkono wako mbaya, kwa sababu nusu ya maswali ni nani angeweza kupita kwenye korido bila mwingine kumwona.

Na hili la saa naomba ulichukulie kwa uzito kwa sababu sisi tunalo tatizo ambalo msomaji wa Kiingereza hana. Kwenye mfuko wa marehemu inakutwa saa iliyopondeka, imesimama 1:15. Ya Kizungu hiyo, usiku. Ukiandika kwenye daftari "saa 1:15" kichwa chako cha Kiswahili kinakupeleka magharibi, watu wametoka msikitini, taa ndo zinawashwa, wakati kitabu kinaongelea saa saba na robo usiku watu wamelala. Mi nilichanganya hivo mara ya kwanza, wengine nimewaandika kwa saa za Kizungu wengine kwa za kwetu, nikatengeneza mwongo ambaye hakuwepo. Chagua moja tangu ukurasa wa kwanza. Mi sa hivi nabadilisha zote kuwa za kwetu, maana nikiandika saa saba usiku nauona ule usiku, 1:15 kwangu ni namba tu.

Ukifika pale Poirot anapowakusanya wote ili aseme, funga kitabu. Najua ni ngumu, ni kama kumwekea mtu pilau halafu umwambie asubiri, ila funga. Kaa nacho usiku mmoja. Pitia daftari, andika jina la unayemshuku, na chini yake andika kwa nini, kwa ushahidi siyo kwa hisia, halafu weka tarehe. Hii hatua ndo inatenganisha kusoma na kusomewa. Ukikosea hamna shida, utakachokumbuka miaka kumi baadaye ni pale ulipokosea na jinsi ulivyopelekwa ukapelekeka.

Halafu umalize. Halafu usikimbilie muvi siku hiyo hiyo, kiache kitabu kikae wiki moja au mbili, sura ulizozijenga kichwani zikomae, kwa sababu ukishaona sura ya muigizaji ile yako inakufa na hairudi.

Sasa muvi. Shida kubwa ya upelelezi kwenye skrini ni sura za watu. Kwenye kitabu mpishi na bosi wote ni majina tu yameandikwa kwa wino ule ule, kwenye muvi ukimwona staa mkubwa kapewa kakipande kadogo ka kuleta chai tu, unajua huyu hakulipwa hela yote ile kuja kuleta chai. Muvi ngapi zimekufa hivo! Ndo maana ile ya 1974 ya mwongozaji Sidney Lumet naiheshimu sana, yeye alijaza mastaa behewa zima, Sean Connery yupo, Ingrid Bergman yupo, Lauren Bacall, Vanessa Redgrave, Anthony Perkins, yani kila ukigeuka ni mtu mkubwa, sasa utamshuku nani? Akaliziba lile tundu kwa kuwajaza wote. Kwaiyo usiangalie trela, usisome orodha ya waigizaji, na posta ukiikuta ipite haraka.

Ukiwa unaangalia hiyo ya 1974, subiri pale Ingrid Bergman anapohojiwa. Kamera haikatwi, inamfuata tu karibu dakika tano nzima, uso wake, mikono yake, anababaika, anajikusanya. Alipata Oscar kwa kazi ile. Fungua daftari lako ukurasa wa huyo abiria ulinganishe, utaona sura nzima ya kitabu imegeuzwa kuwa uso wa mtu mmoja. Kitabu kinakupa maneno uyapime, muvi inakupa mtu umwonee huruma, na huruma inazuga kuliko maneno.

Ya Suchet ya 2010 iangalie ukiwa umetulia, usiku, peke yako. Huyu bwana aliigiza Poirot kuanzia 1989 mpaka 2013, na hapa hachekeshi kabisa, ana rozari mkononi, na swali siyo tena nani kaua, ni haki ni nini na nani kampa mtu ruhusa ya kuitoa. Maneno ya kitabu kile kile ila uzito umehamia kwingine. Mi ndo ninayoipenda kuliko zote japo najua wengi wataniambia ya Lumet.

Ya 2017 ya Kenneth Branagh ni nzuri kwa macho, ila angalia alichobadilisha. Kwenye kitabu treni imekwama tu kwenye theluji, watu wamefungiwa ndani, joto la kubanana ndo linapika hadithi. Branagh kashusha poromoko la theluji, treni imeacha reli juu ya daraja, watu wanatoka nje, wanakimbizana. Kwangu mimi akifungua mlango ule presha inatoka kama sufuria iliyofunuliwa. Hata hivo usiikatae kabla hujaiona, na jiulize kila alichoongeza kimeziba kitu gani.

Hili la kubadilisha lina mfano mkubwa zaidi. And Then There Were None ya 1939, watu kumi kwenye kisiwa, wanakufa mmoja mmoja na visanamu mezani vinapungua. Sisi tumezoea steringi hafi, na mle ndani hamna steringi. Christie mwenyewe alipoigeuza kuwa tamthilia ya jukwaani 1943 alibadilisha mwisho ukawa mwepesi, na muvi ya 1945 ikafuata ule mwisho mwepesi. Ilibidi baadaye Warusi kwenye muvi yao ya 1987, na BBC 2015, ndo warudi kwenye mwisho wa kitabu wenye giza lake. Kwaiyo ukimsikia mtu anasema "naijua hiyo mwisho wake fulani anapona", muulize kwanza kaangalia ipi.

Na naomba niseme kuhusu muvi za kutafsiriwa. Nazipenda, nimekulia kwenye kibanda umiza, nimejifunza kucheka na watu nisiowajua mle. Lakini upelelezi usiuangalie uliotafsiriwa mara ya kwanza, kwa sababu yule anayetafsiri ameshaiona muvi na roho yake nzuri inamfanya akusaidie. Kuna moja niliangalia, dakika ya kumi tu msimuliaji anasema "mwangalieni vizuri huyu dada ana siri nzito huyu", na kweli alikuwa ndo mwenyewe. Mapigano sawa, mapenzi sawa, hii hapana.

Kuangalia na watu kuna adabu yake pia. London kuna mchezo wa Christie wa jukwaani, The Mousetrap, ulianza 1952, na kila ukiisha muigizaji mmoja anawaomba watazamaji wasitoe siri nje. Nyumbani kwangu nimeiweka kama sheria, aliyeshaona anakaa nyuma ya wengine ili wasisome uso wake, haguni, hacheki kabla ya wakati, na swali la "ndo huyu eti?" halijibiwi hata kwa nyusi.

Na hapo nyuma ndo kiti kitamu kuliko vyote, usione kama umeadhibiwa. Mwezi uliopita niliwawekea mama mdogo na watoto wake ile ya 1974, mi nimekaa nyuma na daftari langu la zamani. Mama mdogo hajasoma kitabu, Kiingereza chake cha kuungaunga, mwanae anamtafsiria kidogo kidogo, nikasema huyu atalala. Poirot anahoji abiria wa nne sijui wa tano, mama mdogo kanyoosha mkono anataka rimoti. Kasimamisha. Katuangalia wote, kisha akasema, "Subirini kwanza. Mbona kila mtu humu anamtetea mwenzie? Irudishe nyuma."