Kukimbia viunzi kichwani: anza na mwili, picha baadaye

Binti ninayemfundisha mita 400 kuruka viunzi alikuwa akifumba macho kila jioni na kujiona akishinda. Uwanjani, kiunzi cha 8 kiliendelea kumkwaza. Nilikuwa nimemwambia ajione, sikumwambia ahisi.

1. Simama peku, fumba macho, hamisha uzito polepole kutoka visigino hadi vidole. Dakika 3 zinatosha.

2. Vaa viatu vya mbio, inama kwenye mstari wa kuanzia. Usifanye zoezi hili ukiwa umelala kitandani. Rekodi zenye muziki wa kutuliza sizitaki kabisa: anayesubiri mlio wa bastola hatakiwi kusinzia.

3. Sasa kimbia ukiwa ndani ya mwili wako. Hapa ndipo tulipopoteza wiki nzima. Wengi hujitazama kama wako jukwaani. Picha hiyo hufaa kurekebisha umbo, mfano goti la nyuma linavyopita juu ya kiunzi, lakini haikupi uzito wa mguu. Unachotakiwa kuona ni kiunzi kinachokujia. Unachotakiwa kuhisi ni paja linalowaka na kidole gumba kinachogusa chini.

Shika saa ya kupimia muda. Bonyeza, fumba macho, ukimbie mbio nzima, bonyeza ukivuka mstari. Binti huyu hukimbia kwa sekunde 61. Kichwani alimaliza kwa 45. Nikamwambia arudie akihesabu hatua kwa sauti. Hadi kiunzi cha 7 alihesabu hatua 15 kila nafasi kati ya viunzi, kisha akanyamaza. Akichoka hupiga 16, na 16 humlazimisha kutanguliza mguu wa kulia, ulio dhaifu. Kichwani alikuwa akitanguliza wa kushoto hadi mwisho! Kipande kigumu alikiruka bila kujua. Ukikuta pengo kama hilo, usilazimishe picha. Fanya hatua zile kwa mwili, polepole, mara 3, kisha fumba macho papo hapo kabla hisia haijapoa. Rudia mpaka muda wa kichwani ukaribiane na muda wa uwanjani.

4. Tia na hitilafu katika mbio za kichwani. Mwogeleaji Mmarekani Michael Phelps alizoeshwa hivyo na kocha wake, Bob Bowman. Olimpiki ya Beijing 2008, mita 200 mtindo wa kipepeo, miwani yake ilijaa maji. Akahesabu mipigo ya mikono, akatwaa dhahabu na rekodi ya dunia, 1:52.03.

5. Mbio 2 au 3 kwa siku, basi. Akili ikichoka huanza tena kuruka vipande, na saa itakuonyesha.