Namna ya Kuyafanya Maembe Yadumu Baada ya Kuchumwa

Maembe yanayovushwa kutoka Nansio, Ukerewe, hadi Mwanza hukaa majini saa chache tu, muda usiotosha kuliozesha tunda lililochumwa vizuri. Yakifika yakiwa na madoa, chanzo kitafutwe shambani.

Kwanza, tofautisha kukomaa na kuiva. Embe lililokomaa huwa limejaa mabega pande zote mbili za kikonyo, na ukilipasua moja la mfano utaona nyama imeanza kugeuka manjano karibu na kokwa. Hilo litaiva ndani ya nyumba, ilhali lisilokomaa litanyauka tu. Machungwa na mananasi hayaongezeki utamu yakishachumwa, kwa hiyo yasubiriwe shambani.

Usitikise mti. Tumia upembo wenye mfuko, chuma embe pamoja na kikonyo kirefu, kisha ukikate kibaki kama sentimita 1 na uligeuze tunda kikonyo kikiwa chini, juu ya chanja iliyo kivulini, hadi utomvu uishe kudondoka. Utomvu huo huunguza ganda, na hata ngozi ya mchumaji, lakini alama zake nyeusi hujitokeza baadaye, wakati mwenye mali ameshatoa nauli.

Chule, ugonjwa wa kuvu, hulivamia tunda likiwa bado mtini na kujificha hadi linapoiva. Kuupunguza makali ugonjwa huo, tumbukiza maembe katika maji yenye nyuzijoto 52 za Selsiasi kwa dakika 5, kisha yapoze na kuyakausha. Kipimajoto ni lazima, kwani anayekadiria kwa kidole huishia kuyachemsha.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, iachwe kabisa: maembe ya chini hupondeka kwa uzito wa wenzake, na tunda lililopondeka huwahi kuiva na kutoa gesi ya ethilini inayoyaivisha yaliyo jirani. Panga katika kreti za plastiki, mbali na ndizi au mapapai mabivu.

Usiyaweke maembe mabichi kwenye jokofu, maana baridi iliyo chini ya nyuzijoto 12 hivi huyaharibu ganda na kuyazuia kuiva sawasawa. Jenga badala yake kibanda cha kuta mbili za matofali, ujaze mchanga katikati, ukiezeke kwa nyasi na kuumwagilia mchanga maji asubuhi na jioni. Siku za mvua, hewa ikiwa imejaa unyevu, kibanda hicho hupoza kidogo sana. Siku hizo wahi sokoni.