Somo: Kutengeneza intakula ya mbele kwa Subaru yenye tabo

Somo hili linawahusu wenye Impreza na Forester za injini ya EJ20 yenye tabo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa kuingia kwenye injini, ambazo intakula yake ya kiwandani (kifaa cha kupoza hewa inayotoka kwenye tabo) imelazwa juu ya injini na kupata upepo kupitia tundu la boneti. Gari likiwa mwendoni mpangilio huo una faida kubwa, kwa kuwa njia ya hewa kutoka kwenye tabo hadi kwenye silinda ni fupi. Likikwama kwenye foleni, joto la injini hupanda na kuipasha intakula yenyewe, na dereva anapokanyaga mafuta baadaye huona gari limekuwa zito. Ndiyo maana hapa tunaihamishia intakula mbele ya gari, nyuma ya bampa.

Hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kununua chochote. Hewa ikishindiliwa hupata joto: Mombasa, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 za Selsiasi, tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 ikiongeza presha ya bar 1 hutoa hewa ya nyuzi 125 hivi. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na tabo hulazimika kushindilia zaidi ili geji isome bar 1 ileile, kiasi kwamba hata siku ya nyuzi 24 hewa hutoka ikiwa na nyuzi 130 hivi. Kwa hiyo anayedhani kwamba baridi ya Nairobi inamwondolea haja ya intakula nzuri amekosea. Funga sensa ya joto na geji ya presha kabla ya intakula na baada yake, kisha andika namba unazopata. Presha ikipungua kwa zaidi ya bar 0.15 ndani ya intakula, hiyo imeanza kuikaba injini.

Hatua ya pili ni kuchagua moyo wa intakula, yaani ile sehemu yenye mirija ya kupitisha hewa ya tabo na mapezi, vibati vyembamba vinavyopozwa na upepo. Tafuta upana na urefu wa uso unaopigwa na upepo kabla ya kufikiria unene, kwa sababu upepo ukishapita sentimita saba za mapezi huwa umepata joto na hauna tena uwezo mkubwa wa kupoza. Moyo mnene pia huzuia upepo usiifikie rejeta iliyo nyuma yake, na gari linalochemsha maji halina faida kwa mtu yeyote.

Hatua ya tatu, ambayo naiona kuwa ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na kazi mbaya, ni matangi ya pembeni, yaani vyumba vya ncha mbili za moyo vinavyogawa hewa kwenye mirija na kuikusanya. Wengi hutumia fedha zote kwenye moyo, kisha huchomelea visanduku vya pembe nne ambavyo hewa ikiingia hugonga ukuta, huzunguka na kupita kwenye mirija michache iliyo karibu na mlango. Tangi linapaswa kuwa pana mahali hewa inapoingia na kupungua taratibu kuelekea mwisho, ili kila mrija upate sehemu yake. Kata kwanza mfano wa karatasi ngumu, uujaribu kwenye gari pamoja na bampa, ndipo ukate alumini ya milimita 3. Usikate chuma cha kuzuia mgongano kilicho nyuma ya bampa ili kupata nafasi; punguza ukubwa wa moyo.

Kuchomelea kufanywe kwa gesi ya argoni na mkondo geu (AC). Kwa moyo wa alumini ya aina ya 3003 na matangi ya aina ya 6061, waya wa kuchomelea wa aina ya 4043 unafaa. Futa kingo kwa asetoni kwanza, kisha zisugue kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida.

Ukimaliza, ziba milango yote kwa vizibo vilivyofungwa imara, izamishe intakula majini na ujaze hewa polepole kupitia regyuleta (kidhibiti cha presha) hadi mara moja na nusu ya presha utakayotumia. Usisimame mbele ya vizibo, kwa sababu kikichomoka kinaweza kuumiza vibaya. Mwishoni, ziba kwa mabati nafasi zote zinazoizunguka intakula ili upepo usipite pembeni, na programu ya kompyuta ya injini ipimwe upya.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mombasa: Fundi, naweza kutumia intakula ya lori la dizeli niliyoipata kwa wauza vyuma chakavu?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, ila ioshe ndani mpaka mafuta na vipande vya chuma viishe kabisa, kwa sababu tabo iliyovunjika huacha vipande kwenye mirija. Pima pia presha inayopotea kama nilivyoeleza.

Mwanachama wa Nakuru: Je, rangi nyeusi inaharibu upozaji?

Jibu: Tabaka jembamba halina madhara, rangi nzito inayoziba mapezi ndiyo inayodhuru.

Mwanachama wa Arusha: Baada ya kuhamishia intakula mbele, gari langu hutoa moshi mweusi na kutaka kuzimika kila ninapoachia mafuta. Vali ya kutoa presha sasa inapulizia nje.

Jibu: Sensa ya hewa iliyo karibu na chujio imeshaihesabu hewa hiyo, na kompyuta imeshapeleka petroli yake, hewa ikitupwa nje, petroli inabaki nyingi kupita kiasi. Rudisha bomba la vali kwenye njia ya hewa, kati ya sensa na tabo.