Kujenga ogani ya mabomba ya kanisani: anza na vali, mabomba yanayong'aa yasubiri

Wengi wakiiwaza ogani wanaona yale mabomba ya mbele, wanaanza kuchora muonekano. Kwa ogani ya kimakanika hapo umeanzia mwisho. Hakuna umeme kati ya kii ya kibodi na bomba, kidole cha mpigaji ndo kinavuta vali yenyewe (kale kamlango kanakoachia upepo uende kwenye bomba), kwa hiyo vali ikiwa nzito kila anayekaa pale atateseka hata mabomba yawe matamu vipi.

Kwa hiyo piga hesabu kwanza. Presha ya upepo inapimwa kwa milimita za maji, tuseme 70, ambayo ni gramu 7 kwa kila sentimita mraba. Tundu la vali likiwa na urefu sentimita 20 na upana 1.2 unapata sentimita mraba 24, yaani upepo unaikandamiza vali kwa gramu 168 na springi bado hujaweka. Ukipanua tundu ili kulisha stopu nyingi (stopu ni safu ya mabomba yenye sauti ya aina moja), uzito unapanda hapohapo, ukilibana sana nalo, siku mpigaji anafungua stopu zote mabomba yanakosa pumzi na sauti inashuka. Kwa anayeanza mi nashauri kibodi moja na stopu 4, basi.

Sanduku la upepo, lile ambalo mabomba yanasimama juu yake, lijenge kwa mbao iliyokauka kweli (Wajerumani wanapenda mwaloni). Kila kii ina mfereji wake, vali iko chini yake imevishwa ngozi laini ya kondoo, na juu zinapita slaida, mbao nyembamba zenye matundu, ukivuta stopu matundu yanakutana na upepo unapanda. Kabla hujafunga, mimina gundi ya moto ya wanyama ndani ya mifereji, izungushe, imwage, maana ufa mdogo tu kati ya mfereji na jirani yake unafanya noti ya pembeni ilie bila kuguswa.

Kutoka kwenye kii hadi vali ni fito za msonobari, upana kama milimita 10, unene milimita 1 na kidogo, nyuzi zake zinyooke. Sanduku ni pana kuliko kibodi, kwa hiyo rola (vijiti vinavyozunguka) zinahamisha mwendo kwenda pembeni. Ncha ya ufito ina waya wa shaba wenye uzi wa skrubu na nati ya ngozi: ukikaza mno vali haifungi, noti inalia yenyewe, ukilegeza mno kii inashuka bure. Arp Schnitger, fundi ogani wa Ujerumani, alifunga kwa njia hii ogani ya kanisa la St. Jacobi, Hamburg, mwaka 1693, stopu 60 na kibodi 4!

Mabomba sasa. Bomba la C ya chini kabisa ya stopu ya futi 8 (jina linatokana na urefu wa bomba hilo) likiwa wazi linataka karibu mita 2.4, dari ikiwa fupi lizibe juu, mita 1.2 inatoa noti ileile. Kipenyo usikigawe nusu kila oktavu, mabomba ya juu yatakuwa membamba na sauti kavu, vipimo vya kawaida vya Ujerumani vinafika nusu kwenye bomba la 17 ukihesabu kutoka lile unaloanzia.

Kurekebisha sauti kufanyike ndani ya kanisa lenyewe, bomba moja moja, na mdomo (upenyo wa mbele wa bomba) ukate kwenda juu kidogokidogo, kwa sababu ukishapanda haurudi.