Baiskeli ya triathlon yako ya kwanza

Ukijiandikisha triathlon fupi, mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia, usikimbilie kununua ile baiskeli maalumu yenye mikono ya kulalia. Ni ghali, na kona ikija hujui uishike wapi. Baiskeli ya kawaida ya mbio, hata ya mtumba, inatosha kabisa. Una maunteni baiki? Vua matairi yenye meno, vaa membamba laini, jaza upepo vizuri. Utashangaa.

Kinachoumiza wengi ni saizi. Fremu isiyo yako ni kama kiatu cha kuazima: kilomita tano za mwanzo unacheka, kumi na tano zinazobaki ni mgongo na magoti. Simama juu ya fremu, nyayo zote chini. Bomba la juu lisikubane. Kisha kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba.

Ya mtumba, inyanyue uzungushe gurudumu la nyuma ukikodolea macho pale rimu inapopita kwenye breki. Ikicheza kidogo, fundi atakaza spoki. Ufa kwenye maungio ya fremu, hata uwe mwembamba kama unywele, rudisha (rangi mpya sehemu moja tu nayo ikutie shaka).

Ncha za usukani ziwe na vizibo, maana waamuzi hukagua. Na bakiza hela ya helmeti.