Jinsi ya kuomba nafasi ya masomo ya jamii ukiwa mwanamke mkimbizi au mhamiaji

Masomo ya jamii ni yale wanayosomeshwa watu wazima nje ya shule za kawaida: lugha ya nchi uliyohamia, kisomo, kompyuta, ushonaji, hesabu za biashara, haki zako kazini na hospitalini. Huendeshwa na serikali za mitaa, maktaba, vyama vya wanawake, nyumba za ibada na mashirika yanayoshirikiana na UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi), mara nyingi bure au kwa ada ndogo. Wanawake wengi wenye sifa zote hukwama kwa sababu maombi yao yamebeba jina na simu ya mtu mwingine, na pale walipoulizwa wanahitaji nini wakaacha patupu. Maombi haya ni yako, dada. Yajaze kwa namna ambayo jibu litakufikia wewe.

Anza na hati. Kama mlisajiliwa kama familia, huenda taarifa zako zimo kwenye karatasi ya mume au ya baba. Nenda ofisi iliyowasajili uombe hati yenye jina lako. Ukiambiwa hakuna haja, sisitiza kwa upole: usajili wa kila mwanamke kwa jina lake ni mojawapo ya ahadi tano ambazo UNHCR iliwapa wanawake wakimbizi mwaka 2001. Hapo hapo kagua herufi za jina na tarehe ya kuzaliwa, kwa maana kadi isipolingana na cheti cha shule, maombi yanaweza kurudishwa. Kituo wape nakala. Hati halisi waoneshe tu, kisha urudi nayo nyumbani.

Vyeti vilivyopotea au kuungua visikuzuie. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 inagusa kutambuliwa kwa vyeti vya nje, kupunguziwa ada na kupewa ufadhili. Mhamiaji ambaye si mkimbizi halindwi na mkataba huo, lakini ule wa mwaka 1979 wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake unataja, katika ibara ya 10, elimu ya watu wazima na mafunzo kwa wanawake walioacha shule mapema. Kama ulikuwa muuguzi, mwalimu au mhasibu, ulizia pia pasipoti ya sifa za kitaaluma ya UNESCO (shirika la elimu la Umoja wa Mataifa), ambayo hutathmini elimu ya mtu hata kama baadhi ya karatasi zake hazipo.

Kabla ya kuchukua fomu, piga simu au fika kituoni uulize. Je, wanapokea watu wa aina ya hati uliyo nayo? Muhula unaanza lini? Taarifa zangu mtampa nani? Swali hili la mwisho usiliruke, hasa kama kibali chako cha ukaazi kimekwisha au bado unasubiri uamuzi wa hifadhi. Kituo makini kitakujibu waziwazi.

Fomu yenyewe. Namba ya simu iwe ile unayoishika wewe. Kama nyumbani kuna mtu anayeweza kukudhuru akijua unasoma, mwambie karani saa salama za kukupigia, na umwombe barua zisitumwe nyumbani. Huna haja ya kumsimulia maisha yako yote.

Sehemu ya mahitaji ndiyo hupuuzwa zaidi, nami naona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Andika umri wa watoto wako na kama unanyonyesha, ili ijulikane mapema kama kuna mahali pa kuwaangalia. Andika saa unazofanya kazi, umbali unaotembea, kama usiku njia si salama, kama unahitaji nauli, kama una ulemavu au maumivu yanayokuzuia kukaa kwa muda mrefu. Ukitaka mkalimani mwanamke, sema. Mume au mtoto wako asifanywe mkalimani: yako mambo ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe, na mtoto hapaswi kubebeshwa mzigo huo. Asiyejua kuandika ana haki ya kuomba ajaziwe fomu, kisha asomewe yote kabla ya kutia saini au dole gumba.

Kupimwa kiwango. Vituo vingi vya lugha hutumia ngazi kuanzia A1, ya anayeanza kabisa, hadi C2, ya aliyeimudu lugha vizuri kabisa. Jibu unachokijua, usibahatishe. Anayepangwa juu ya uwezo wake huachwa nyuma wiki za mwanzo na mara nyingi hukata tamaa. Zaidi ya hayo, eleza kama unasoma kwa lugha yako au kwa mwandiko mwingine, au kama hukuwahi kusoma kabisa. Anayejua kusoma Kiarabu au Kiamhara anahitaji herufi mpya tu, ilhali asiyewahi kushika kalamu anahitaji kwanza darasa la kisomo. Wakiwekwa pamoja, wote wawili hupoteza muda.

Fedha. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Mtu yeyote akikudai hongo au ngono ili akupe nafasi, usikubali wala usijilaumu. Toa taarifa kwa uongozi wa kituo, kwenye sanduku au simu ya malalamiko, au kwa shirika la wanawake unaloliamini. Ada halali hulipwa kwa risiti.

Baada ya kuwasilisha, omba uthibitisho wenye tarehe. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, uliza uko nafasi ya ngapi na lini uulizie tena. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na jina la anayepokea rufaa. Huenda ikawa ni karatasi moja tu iliyokosekana. Ukihama au ukibadilisha namba ya simu, wajulishe siku hiyo hiyo, maana asiyepatikana kwa simu nafasi yake hupewa anayefuata.