Usiku wa Kigiriki ukiwa likizo: kula vipi, cheza vipi, na wapi utulie

Ukienda likizo kwenye visiwa vya Ugiriki kama Krete, Rhodes, Kos au Corfu lazima utakutana na tangazo la "Greek Night". Liko mapokezi hotelini, liko kwa wauza tiketi za matembezi, liko mpaka kwenye kioo cha duka la kukodisha pikipiki. Ni msosi wa jioni, mvinyo, bendi, na wachezaji waliovaa mavazi ya asili. Kuna watakaokwambia huo ni utalii mtupu usipoteze hela. Mi nasema nenda, ila ujue kwanza unanunua nini maana ziko za aina tatu na hazifanani hata kidogo.

Kuna ya hotelini, yaani bufee imepangwa pembeni ya bwawa, wanakuja wachezaji wanne watano, muziki unatoka kwenye spika, wanazunguka kidogo wanakuvuta upige picha nao, imeisha. Kama una watoto wadogo na mmeshinda baharini siku nzima inatosha. Halafu kuna ya basi, wanakupitia hotelini wanakupeleka kijiji cha ndani. Rhodes wengi hupelekwa Embonas, kijiji cha mvinyo kilicho kwenye miteremko ya mlima Attavyros, na Krete vijiji vya namna hiyo viko vingi. Hapo mnakaa meza ndefu mmechanganywa na Wajerumani na Wapolandi, sahani zinakuja za kushea, na bendi mara nyingi ni watu wazima wenye vyombo vyao. Ya tatu ni taverna ya kawaida, yaani mgahawa wa Kigiriki, yenye muziki wa laivu wikiendi, haina tiketi wala ratiba, unalipia ulichokula. Hii ya tatu ndo tamu kuliko zote ila kwa mtu wa mara ya kwanza mi ningesema panda basi, kwa sababu moja tu, wachezaji wa pale kazi yao ni kukufundisha, wakati kwenye taverna hakuna mwenye shida na wewe, utakaa unapiga makofi mpaka unaenda kulala.

Kabla hujatoa euro zako uliza mambo haya: muziki ni wa laivu? Mvinyo umo kwenye bei au ni glasi moja ya kukaribishwa halafu unajilipia? Basi linarudi saa ngapi? Na nyama ni ya nini? Hilo la mwisho kwa Waislamu msilichukulie poa, Ugiriki souvlaki (mishikaki) na gyros (nyama ya kukatwa kutoka kwenye mkuki unaozunguka) za kawaida ni za nguruwe, na mtu anaweza kukwambia "meat" tu akanyamaza. Shika majina matatu: hirino ni nguruwe, kotopoulo ni kuku, arni ni kondoo. Stifado nayo ni mchuzi wa nyama na vitunguu ambao kwa kawaida unapikwa na mvinyo, na pweza pia wanapenda kumpika hivyohivyo, so kama hutaki pombe hata kwenye sufuria agiza pweza wa kuchoma, anakuja na limao na mafuta ya zeituni, watu wa pwani hamtalalamika.

Kuhusu nguo usijitese. Viatu vya chini, tena vyenye kushika mguu, maana sakafu nyingi ni za mawe na ukishaingia kwenye mstari wa dansi ndala itaruka iende kwa bendi. Ukienda mlimani beba shali au sweta hata kama mchana mlikuwa mnaungua, usiku kule juu kunakuwa na kijiubaridi.

Na muda. Wagiriki wenyewe wanakula saa 3 saa 4 usiku, shughuli za watalii zinaanza mapema kidogo, saa 1 au saa 2. Usile mchana ukashiba, lakini pia usifike na njaa ya kufa kwa sababu hapa ndo watu wengi wanaharibu: sahani za kwanza zikiletwa wanazishambulia wakidhani ndo chakula chenyewe. Sio. Hizo ni meze, vitu vidogovidogo vya kuanzia. Itakuja tzatziki, mtindi mzito na tango na kitunguu saumu, zitakuja dolmades, wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, jibini la kukaangwa linaloitwa saganaki ambalo lile ni la moto ndo linalika, likipoa linakuwa mpira, na saladi ya nyanya matango na vitunguu yenye bonge la jibini la feta juu. Ukiwa Krete omba dakos: mkate mkavu wa shayiri ulioloweshwa kidogo, juu yake nyanya iliyokwaruzwa, jibini jeupe laini, oregano, halafu mafuta ya zeituni yamemwagwa bila uchoyo mpaka yanachuruzika pembeni ya sahani. Kata kwa kisu, ukiing'ata mzima itakushinda na nyanya itaishia kwenye shati.

Sasa onja kila kitu, kidogo kidogo, huku unachovya mkate. Baada ya hapo ndo inakuja nyama, mara nyingi ya makaa, au kleftiko, kondoo aliyefungwa kwenye karatasi akaokwa taratibu mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Nani atakula kleftiko akiwa ameshamaliza vipande sita vya mkate na bakuli la tzatziki? Hakuna. Na mwishoni kwenye matunda wakileta loukoumades usishangae, ni kalimati hizohizo za kwetu, ila wao wanazimwagia asali na mdalasini. Loukoumades, kalimati, na luqaimat za Waarabu ni ukoo mmoja. Tuendelee.

Ukiwa taverna ya kawaida utaona kwenye bili kuna kuver, hiyo ni hela ya mkate na kukalia meza, ni kawaida, hawajakuibia. Ila samaki akiuzwa kwa kilo, apimwe mbele yako na utajiwe bei kabla hajaingia jikoni, hilo halina aibu hata Wagiriki wenyewe wanafanya. Mvinyo wa nyumba nao wanautaja kwa kilo, ukisikia mtu ameagiza "miso kilo" ameagiza nusu lita, unakuja kwenye kijagi.

Kinywaji. Ouzo ina harufu ya anisi, ina kilevi cha karibu asilimia 40 na inaingia kama juisi, ukitia maji au barafu inageuka nyeupe kama maziwa. Inanywewa pole pole na chakula, hakuna Mgiriki mwenye akili anaigugumia yote kwa mkupuo. Krete wana ya kwao inaitwa tsikoudia, au raki tu, na hiyo inaletwa bure baada ya kula, na matunda au kitu kitamu, ni takrima ya mwenye nyumba. Hunywi? Weka mkono kifuani, sema "efharisto", asante, ukitabasamu, glasi iache pale mezani, usiisukume irudi. Na wakati wa kugonganisha glasi, soda yako inagonga vizuri tu, unasema "yia mas" na wenzako.

Halafu mikono yako. Sisi tumezoea kumpungia mtu kiganja wazi, au kuonyesha tano kwa vidole vitano. Ugiriki kumwelekezea mtu kiganja kilichofunguka usoni ni tusi, linaitwa moutza, na ni tusi zito. Kwa hiyo ukiagiza vitu vitano, geuza kiganja kikutazame wewe mwenyewe, au sema tu kwa mdomo. Na mzee akiinua nyusi na kichwa nyuma akatoa kamlio ka "ts", usinune ukadhani amekusonya. Amesema hapana, basi.

Haya, dansi. Kwanza bendi. Visiwa vingi na bara utasikia bouzouki, chombo chenye shingo ndefu na sauti ya chuma. Krete chombo chenyewe ni lyra, ina nyuzi tatu, mpigaji anaisimamisha gotini na kuipiga kwa upinde, pembeni kuna jamaa wa laouto, chombo kama gitaa, anampigia mdundo. Wachezaji wa kiume wa Krete wanavaa suruali pana, mabuti marefu na kitambaa cheusi cha kichwani chenye nyuzi zinazoning'inia kwenye paji la uso, wanakiita sariki. Wakianza pentozali, ile ya kushikana mabega na kuruka, wewe kaa. Ile ni mbio na ukichelewa hatua moja unaangusha ukoo mzima.

Yako ni kalamatianos na syrtos. Watu wanashikana mikono, mstari unapinda kuelekea kulia kuzunguka ukumbi, ukiutazama ni kama foleni ya kwenda kutunza bibi harusi, tofauti ni kwamba hakuna anayebeba bahasha. Kiongozi yuko ncha ya kulia kabisa, mara nyingi ana leso, na yeye ndo mwenye haki ya kujirusha na kujipinda. Wewe ingilia mkiani, ncha ya kushoto. Usiingie mbele ya kiongozi hata siku moja, na usikate katikati ya watu wawili wanaoshikana kama hawajakuachia nafasi wenyewe. Mchezaji akija mezani kukuvuta, fuata, yeye anajua anakuweka wapi.

Hatua za kalamatianos ziko 12 na mdundo wake ni wa saba, sio nne nne kama tulivyozoea, ndo maana dakika mbili za mwanzo mguu unakuwa kama si wako. Usihesabu mpaka saba, utachanganyikiwa. Sema kimoyomoyo "ndeeefu, fupi, fupi, ndeeefu, fupi, fupi". Unaanza na mguu wa kulia, mstari unakwenda kulia, mguu wa kushoto unapita nyuma au mbele ya mwenzake, kisha kuelekea mwisho wa duru mnarudi kushoto kidogo, mnaanza tena. Tazama miguu ya mtu aliye kulia kwako, si ya aliye mbali upande wa pili kwa sababu yeye utamwona kinyume. Mikono viwiko vimekunjwa, usimning'inie jirani. Ukikosea tembea tu kwa mdundo, mstari utakubeba.

Baadaye watapiga sirtaki, ile kila mtu duniani anaijua, inaanza taratibu halafu inaongeza kasi mpaka watu wanapumulia mdomo. Watalii wengi wanaamini ni ngoma ya mababu wa Kigiriki. Ilitengenezwa kwa ajili ya filamu ya 1964 iliyopigwa Krete, muziki ni wa Mikis Theodorakis, na hatua zake zimetokana na hasapiko, dansi ya zamani ya wachinja nyama. Hapa mnashikana mabegani. Ni rahisi mwanzoni so ingia mapema ukiwa bado unaona hatua, ukisubiri mpaka imechanganya utakanyaga watu.

Na sasa pale pa kutulia. Ikipigwa zeibekiko utaona ukumbi umefunguka, mtu mmoja anasimama katikati, mikono ameitanua, anayumba taratibu anatazama chini, marafiki zake wamepiga goti moja kumzunguka wanapiga makofi. Huyo anacheza yake. Usiingie kumsindikiza, usiende kumrekodi usoni, hata kama umeshakunywa na unajiona mwenyeji. Zamani kumwingilia mtu kwenye zeibekiko ilikuwa ugomvi wa kweli, mwaka 1973 Athens polisi watatu waliuawa klabuni kwenye vurugu iliyoanzia kwa dansi ya namna hii. Leo kwa watalii hawatakupiga, watakukazia macho tu, ila kwa nini ufike huko.

Kuhusu kuvunja sahani, najua ndo ulichokuwa unakisubiri. Utawala wa kijeshi ulipiga marufuku mwaka 1969, na siku hizi kwenye kumbi za muziki watu wanarusha maua, au karatasi za kufutia mikono, unauziwa kisahani cha maua unamrushia mwimbaji. Kwenye shughuli za watalii bado kuna wanaoleta sahani za plasta za kuvunja, hizo vunja ukipewa. Ila usichukue sahani ya dolmades ukaipiga chini huku unapiga kelele "opa", ile utaikuta kwenye bili.

Kama basi lenu linaondoka mapema ni bahati mbaya kwa sababu shughuli mara nyingi inachangamka mwishoni, wageni wakipungua na watu wa kijijini wakianza kucheza wenyewe. Gari la kukodi sikushauri kabisa kama umegusa mvinyo, njia za milimani zina kona na kiza, na kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva kule ni kidogo. Bora teksi.



Na kama likizo yako inaangukia katikati ya Agosti, achana na tiketi zote hizo. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria, na vijiji vingi vinafanya panigiri, sherehe ya kijiji, kisiwa cha Ikaria ndo kinasifika zaidi kwa hizo. Uwanja wa kanisa au wa shule, viti vya plastiki, nyama ya mbuzi, bendi moja, na bibi wa miaka 80 anaongoza mstari huku vijana wanamfuata. Mgeni haulizwi kadi ya mwaliko, unanunua chakula chako na kukaa. Muulize mtu wa mapokezi au mwenye duka la mkate panigiri ya karibu ni kijiji gani, fika baada ya saa 4 usiku, beba keshi ndogondogo, na namba ya dereva teksi ichukue kabla hujatoka hotelini, maana saa 8 za usiku ukiwa juu mlimani hutampata wa kukupa.